Sura ya Tisa: Tumbo la Pijo

Misheck alikataa kuingia chini ya gari.

"Mguu unaniuma, madam," alisema. "Nikilala hapo chini sitaamka."

Inspekta Karwirwa alimtazama. Mguu wa kushoto wa fundi huyo ulikuwa umekauka tangu utotoni na alitembea akiuburuta. Lakini ulikuwa mguu ule ule aliokuwa nao miezi yote aliyolala chini ya ile Pijo 404 akiikwangua kutu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka kiunoni, na macho hayakutulia. Yalikuwa yakienda kwenye lango la mabati, yakirudi, yakienda tena.

"Runji amesema atarudi saa ngapi?"

"Amesema jioni. Ameenda Ishiara kutafuta gesi ya kuchomelea. Lakini huyo anaweza kuja saa hii, madam. Yeye hurudi tu wakati hujamngoja."

"Na akitukuta?"

Misheck alifuta uso kwa mkono wa shati, akatazama lango tena.

Gereji ya Runji ilikuwa mwisho kabisa wa mji wa Siakago, pale maduka yanapokwisha na vichaka vya miiba vinapoanza. Karwirwa alikuwa amekuja bila sare, kwa gari la Hinda, dada wa mtu aliyetoweka, na gari lenyewe walikuwa wameliacha mbali, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Wa tatu katika msafara wake alikuwa Konstebo Gachoki, kijana mnene wa kutoka Runyenjes, ambaye tangu waingie alikuwa hajaondoa macho kwenye mikono ya Misheck.

"Madam," Gachoki alimnong'oneza, "huyu ndiye mtu wetu. Angalia anavyotetemeka. Tumfunge pingu twende naye Embu, ataongelea njiani."

"Mtu hutetemeka kwa sababu mbili," Karwirwa alisema. "Kwa alichofanya, au kwa anachojua. Ngoja kwanza."

Hinda alikuwa amesimama kando ya Pijo, kiganja chake juu ya boneti. Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Younis, aliyelitumia kupeleka miraa Nairobi enzi barabara ya kutoka Maua ikiwa vumbi tupu. Kaka yake, Abdirahim, naye alikuwa msafirishaji, na alikuwa ameapa atalifufua gari la mzee. Ndiyo maana alilileta kwa Runji, ambaye sifa zake kwa magari ya zamani zilivuma hadi Meru. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, Abdirahim alitoka Maua kuja kulitazama. Hakurudi.

Pikapu yake ilipatikana Embu mjini, karibu na stendi ya mabasi, imefungwa vizuri. Kwa hiyo polisi walimtafuta Embu. Waliuliza hotelini, hospitalini, vilabuni. Wakapata mtu wa kuapa kwamba alimwona akipanda basi la kwenda Isiolo, na mwingine aliyesema ana mke wa siri Moyale. Runji aliandikisha taarifa kwa upole: ndiyo, Abdirahim alipita, akaliangalia gari, akanywa chai, akaondoka. Na gari lenyewe? Halijasogea. Liko juu ya stendi tangu mwaka jana, hata magurudumu limevuliwa.

Faili ilikuwa karibu kufungwa. Ni Hinda aliyeifungua tena. Wiki iliyopita alikuja Siakago peke yake, akainama, akachungulia uvungu wa gari la baba yake, halafu akaendesha moja kwa moja hadi ofisi ya upelelezi Embu.

"Rudia ulivyoniambia," Karwirwa alimwambia sasa. "Gachoki asikie."

Hinda alitoa simu. "Hii picha kaka yangu alinitumia asubuhi ile alipofika hapa. Aliipigia chini ya gari, amelala. Unaona rangi?"

"Kijivu," Gachoki alisema.

"Kijivu. Walikuwa wamekwangua mpaka chuma kikawa cheupe, wakakiosha kwa dawa ya kutu, wakapaka hiyo ya kijivu. Kaka yangu alikuwa akiongea habari hiyo mpaka tukikaa kula tunamwambia, Abdirahim, wacha kutu tule. Baada ya kijivu alitaka apake nta tu, ile nyepesi, basi. Lami hakutaka kabisa. Alisema lami haizuii kutu, inaificha. Maji yakiingia nyuma yake, gari linaoza huku linang'aa."

"Sasa chungulia," Karwirwa alisema.

Gachoki aliinama kwa shida, akamulika tochi. Uvungu wote ulikuwa mweusi ti. Lami nzito ilikuwa imepakwa kwa brashi, mabonge mabonge, kama kazi ya mtu aliyekuwa akikimbizwa.

"Nani alipaka?" Karwirwa alimgeukia Misheck.

"Mimi, madam."

"Mwenye gari alikuwa hataki lami. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nani alikuambia upake?"

Macho yalienda langoni. "Nilipaka tu."

Karwirwa aliacha kuuliza. Alichukua ovaroli iliyoning'inia ukutani, ovaroli ya Misheck yenye mafuta hadi magotini, akaivaa juu ya nguo zake, akafunga nywele kwa kitambaa. Mbele, gari lilikuwa limekalia stendi mbili imara. Nyuma lilibebwa na jeki, na chini ya ubavu kulikuwa na rimu tupu ya gurudumu iliyolazwa kama tegemeo.

"Stendi za nyuma ziko wapi?"

"Zimefungiwa stoo. Ufunguo ni wa Runji. Madam, usiende huko." Sauti ya Misheck ilikuwa imepanda. "Tafadhali. Wacha tu."

"Jeki inavuja?"

"Haivuji."

"Basi nitaharakisha."

Alitandika kipande cha nailoni sakafuni, akalala chali, akajisukuma ndani.

Joto lilikuwa kali huko chini, na harufu ya lami ilimwingia kooni. Chuma kilikuwa kiasi cha shubiri mbili tu juu ya pua yake. Aliweka ncha ya kisu pembeni mwa tao la gurudumu la nyuma, akabandua. Lami ilitoka kipande kizima, kama ngozi ya mkate. Aliigeuza chini ya mwanga wa tochi.

Nyuma ya lami kulikuwa na tope. Tope kavu, jekundu la kukolea, limeshikamana kama ugoro uliolowa. Na nyuma ya tope, rangi ya kijivu, safi kabisa, kama ilivyokuwa kwenye picha ya Abdirahim.

Alibandua pahali pengine. Kijivu, tope, lami. Tena. Kijivu, tope, lami. Ndani ya kipande cha tatu kulikuwa na kitu chepesi cha kahawia, kimejikunja.

Alitoa mkono nje. "Gachoki. Hiki ni nini?"

Konstebo alikikunjua kwa kucha. Hakuhitaji muda. "Ganda la kahawa, madam. Hilo nimelikanyaga tangu nizaliwe."

"Hapa Siakago kuna kahawa?"

"Hapa? Hapa ni mbuzi na pojo. Kahawa ni kule juu. Runyenjes, Kanja, huko. Na hata udongo wa hapa si huo. Huu wa hapa ni mchanga, ona." Aliparuza sakafu kwa kiatu na vumbi jeupejeupe likainuka.

Karwirwa alibaki amelala, akipanga mambo kwa mpangilio. Asubuhi aliyofika Abdirahim, uvungu ulikuwa wa kijivu na safi. Baadaye gari likaenda kwenye udongo mwekundu wenye kahawa, mvua ikinyesha, likarudi na tope. Na aliyerudi nalo hakuwa na muda wa kuliosha. Aliamuru lipakwe lami juu ya tope lile lile. Kwa hiyo Runji alikuwa amesema uongo. Gari lilisogea.

"Misheck," aliita kutoka chini. "Unajua kuendesha gari?"

"Hapana, madam. Huu mguu haukanyagi klachi."

"Umesikia, Gachoki? Si yeye aliyeliendesha. Runji ana shamba wapi?"

Gachoki alikuna shingo. "Sijui la kwake. Lakini mama yake walimzika Kanja. Mazishi makubwa, chifu alihudhuria."

"Nenda ukapige simu. Nataka watu wa kukagua eneo la tukio waje kutoka Embu, na wengine watangulie Kanja."

"Hapa hakuna netiwaki, madam. Mpaka kule kilimani."

"Panda."

Nyayo zake ziliondoka. Muda mfupi baadaye Hinda aliinama. "Inspekta, alasiri imeingia. Nitaswali hapo nyuma ya magunia, nitarudi."

"Swali, dada. Mimi nachukua picha tu."

Alipiga picha. Alipokuwa akijivuta kuelekea katikati, kiwiko chake kiligonga sakafu ya gari chini ya kiti cha nyuma, na mlio haukuwa kama kwingine. Aligonga kwa makusudi. Ko, ko. Chuma kizito. Akasogea kidogo. Du, du. Palikuwa patupu. Alipapasa lami kwa vidole na kuuhisi mshono wa kuchomelea, mrefu, umezunguka pande zote nne. Sanduku. Mtu alikuwa ameshonea sanduku la chuma tumboni mwa gari la Mzee Younis.

Aligonga tena kuhakikisha.

Hapo ndipo alipoona viatu.

Viatu vya ngozi vya kahawia, vimepigwa rangi, vilikuwa vimesimama kando ya tao la nyuma. Hakusikia lango likifunguliwa. Hakusikia gari. Alitafuta kwa macho mguu mkavu wa Misheck, na hakuuona popote.

"Misheck," sauti ilisema juu yake. Ilikuwa ya upole, ile ile aliyoisikia akichukua taarifa. "Si nilikwambia hapo usiguse?"

Karwirwa alizima tochi. Ovaroli, alifikiri. Anaona ovaroli.

"Mimi nakuongelesha. Unagongagonga nini?"

Bastola ilikuwa kiunoni, chini ya ovaroli iliyofungwa vifungo hadi shingoni. Aliupeleka mkono polepole kwenye kifungo cha kwanza, nacho kilikuwa kimebana.

"Yule naye alilala hapo hapo ulipolala," Runji aliendelea, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. "Akagonga hapo hapo. Akaniuliza, Mzee Runji, hiki ni nini umeweka kwa gari la baba yangu? Na mimi nilikuwa nimempenda huyo kijana. Kweli nilimpenda. Lakini angenyamaza?"

Kiatu cha kulia kiliinuka, kikaisukuma ile rimu. Rimu iliburuzika kwenye saruji, ikatoka chini ya ubavu wa gari.

Sasa nyuma ya gari ilikuwa imebebwa na jeki peke yake.

"Shimo la Kanja ni kubwa, Misheck. Mama alilichimba la maganda ya kahawa, akalichimba vizuri. Wa pili anaweza kutosha."

Kifungo cha kwanza kilifunguka. Karwirwa aliona mkono ukishuka, mkono wenye saa, ukishika mpini wa jeki.

"Polisi!" alipiga kelele. Sauti iligonga chuma ikamrudia usoni. "Runji! Ni Inspekta Karwirwa! Wacha hiyo jeki!"

Mkono ulisimama. Kwa pumzi moja kila kitu kilinyamaza, na Karwirwa akadhani amepona.

Kisha mpini ukazungushwa.

Jeki ilitoa mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi, na tumbo la Pijo likaanza kushuka. Lilimgusa kifuani, likakaa, likasukuma. Alijaribu kujivuta pembeni na ovaroli ikanasa. Alitaka kupiga kelele tena lakini hakukuwa na hewa ya kupigia. Lami ilimpaka shavuni, moto, na jambo moja tu lilimjia kichwani, kwamba Abdirahim naye alikuwa ameuona uvungu huu kwa karibu hivi, ulipokuwa bado wa kijivu.

Kulisikika kishindo, na mtu akalia kwa Kimbeere, lugha ya huko. Gari liliacha kushuka. Kwenye upenyo wa mwanga Karwirwa aliona mguu mkavu umeburuzwa juu ya saruji: Misheck alikuwa ametoka nyuma ya mapipa na kujitupa mzima mzima juu ya mpini, akiuzungusha kurudi, na Runji alikuwa akimpiga mgongoni kwa spana. Misheck hakuachia.

Halafu mikono miwili ilimshika Karwirwa vifundoni.

Hinda hakuwa amemaliza rakaa. Alikuwa kwenye sijida, paji la uso chini, aliposikia kila neno. Alivuta kwa nguvu zote za mwili wake, nailoni ikateleza, ovaroli ikararuka, na Karwirwa akatoka nje mkono mmoja ukiwa juu ya uso. Misheck aliangukia upande. Nyuma ya gari ilishuka yote kwa mara moja, na ardhi ikatetemeka.

Runji alikuwa ameinua spana tena.

"Iweke chini!" Karwirwa alisema. Bastola ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa ukitetemeka hivi kwamba aliushika kwa wa pili. "Iweke chini, ama nitapiga, na leo sijui nitapiga wapi!"

Runji aliutazama huo mkono unaotetemeka, na labda ndio uliomwogopesha. Spana ilianguka. Gachoki aliingia langoni akihema, akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu, akamsomea haki zake huku akikosea maneno.

Karwirwa alikaa juu ya ile rimu.

"Misheck, niambie sasa. Kila kitu."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, damu ikimtoka begani. Alimtazama Runji aliyelala chini, akaona pingu, akatazama tena kuhakikisha.

"Hilo sanduku ni la kubeba pembe za ndovu, madam. Anatengeneza magari ya watu, anabebea kabla hajawarudishia. Hakuna askari hukagua gari kama hilo. Wanataka kupiga picha nalo tu. Siku hiyo aliniambia niende nikale. Niliporudi nilikuta amerudisha magurudumu, anatoa Pijo nje kwa mvua. Pikapu ya Abdirahim akamwita dereva aipeleke Embu, akamdanganya ni ya kuuzwa." Alilibana bega lililokuwa likitoka damu. "Na kwa buti kulikuwa na mtu anabisha kwa ndani."

"Alikuwa akibisha?" Hinda aliuliza.

"Dada, nilisikia. Runji akanitazama akaona nimesikia. Akaniambia ana mahali pangu pia. Nina watoto. Nimelala na hiyo sauti kila siku tangu hiyo siku."

Gachoki aliinua uso, kama anayetaka kumfunga huyo pia. Karwirwa alimtikisia kichwa: mwache.

Walifika Kanja jua likiwa bado juu ya vilima. Shamba lilikuwa limeachwa, kahawa imeota ovyo hadi kichwani, na udongo uliwashika viatu, mwekundu wa kukolea. Askari waliotangulia walikuwa wamelipata shimo chini ya mabati, nyuma ya jiko la mama yake Runji, na walikuwa wakichimba kwa kupokezana, vitambaa vimefungwa puani. Karwirwa alishuka mwenyewe kwa ngazi ya miti. Kifua kilimuuma kila alipovuta pumzi. Alikuwa ameshuka mashimo mengi kazini. Hili alishuka akishikilia kila kijiti.

Alipopanda juu, Hinda alikuwa amesimama kati ya miti ya kahawa, ameukunja mtandio kwa mikono yote miwili.

"Ni yeye?"

"Ana pete yenye jina la Younis," Karwirwa alisema. "Ni yeye, dada. Pole."

"Innalillahi," Hinda alisema kwa sauti ndogo. "Mikono ilikuwa imefungwa?"

Karwirwa angeweza kusema hajaona vizuri. "Ilikuwa imefungwa. Kamba moja ilikuwa imekatika."

Hinda alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu. "Mtampeleka wapi?"

"Embu, mochari. Daktari lazima amwangalie kwanza. Baada ya hapo mtampata mumwoshe, mumzike kwa dini yenu. Lakini si leo."

"Sijakataa. Nitakaa naye."

"Huko hawaruhusu watu kukaa."

"Nitakaa mlangoni. Nitakaa kwenye ngazi. Amekuwa hapa peke yake na mvua yote ile, Inspekta. Leo halali peke yake."

Askari walikuwa wamemleta juu ndani ya turubai na walikuwa wakisita, hawajui wapitie wapi. Karwirwa alishika pembe moja ya turubai. Hinda akashika ile nyingine, na hakuna aliyemzuia.

"Polepole," Karwirwa aliwaambia. "Huku kunateleza."